Ubaguzi wa Umri na Afya ya Wazee Wakati wa UVIKO-19

Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea duniani mwaka 2020, ilidhihirika mapema kuwa hatari ya kufa iliongezeka kadiri umri wa mgonjwa ulivyopanda. Huo ni ukweli wa kisayansi. Lakini kutokana na ukweli huo baadhi ya watu walifikia uamuzi usio wa kisayansi, kwamba uhai wa mzee una thamani ndogo kuliko ule wa kijana. Fikra za namna hiyo ndizo ziitwazo ubaguzi wa umri, jambo lililopewa jina mwaka 1969 na daktari wa Marekani, Robert Butler.

Mwezi Machi 2020, baadhi ya watumiaji wa mitandao ya kijamii, hasa Marekani, waliupachika ugonjwa huo jina la mzaha lenye maana ya "kiondoa wazee". Mwezi huohuo nchini Italia, vitanda vya wagonjwa mahututi vilipopungua, chama cha madaktari wa nusukaputi kilieleza kuwa huenda ikalazimu kuweka kikomo cha umri wa kulazwa humo. Hapo hapakuwa na dhihaka, bali shida ya kweli. Hata hivyo umri ulitajwa kuwa kipimo, ingawa watu wawili wenye miaka 75 huweza kutofautiana sana kwa afya.

Je, dharau yaweza kuudhuru mwili? Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale ameuchunguza mwuliza huo kwa miaka mingi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2000, wazee walioonyeshwa kwa kasi kubwa maneno ya kuudunisha uzee walipandwa na msukumo wa damu walipopewa hesabu za kufanya. Mwaka 2002, uchunguzi wa watu 660 wa Ohio wenye umri wa miaka 50 na zaidi ulionyesha kuwa waliouona uzee wao kwa wema waliishi, kwa wastani, miaka 7.5 zaidi ya wenzao.

Sababu zaweza kuelezwa hivi. Dhana kuhusu uzee hujengeka tangu utotoni, na mtu akizeeka humgeukia mwenyewe. Aaminiye kuwa kudhoofika hakuepukiki huweza kupuuza dawa na mazoezi. Hivyo mzee aliyejifungia ndani ili ajikinge, huku akisikia akiitwa mzigo, alipambana na upweke na kujidharau kwa pamoja.

Kumkinga mzee kwa kuwa yumo hatarini ni afya ya jamii. Kumpuuza kwa kuwa ni mzee ni ubaguzi. Mwanafunzi wa sayansi hana budi kuyatenganisha mambo haya mawili, kwani dhana anazozijenga leo ndizo atakazozeeka nazo.