Kisu mfukoni: sheria inauliza "Kwa nini?"



Leo, katika mazungumzo yetu ya amani, tutasema juu ya kitu kidogo: kisu cha kukunja, kile cha mfukoni. Kwetu hapa Kivu mtu anakitumia kumenya muwa, kukata kamba, kupasua embe, na hakuna anayeshangaa. Lakini wengi wetu tuna watoto na ndugu wanaoishi London, mji mkuu wa Uingereza, na huko sheria ya visu ni kali. Kijana anayefika na desturi ya kwao mfukoni anaweza kusimama mbele ya tribinali pasipo kumgusa mtu. Basi tuieleze sheria hiyo polepole, kisha tuone inatufundisha nini sisi wenyewe.

Sheria hiyo ni ya mwaka 1988. Inakataza kubeba kitu chenye makali au ncha kali mahali pa watu wote, ni kusema barabarani, sokoni, ndani ya basi. Inaruhusu kitu kimoja: kisu cha mfukoni kinachokunjika, ambacho makali yake hayapiti inchi 3, yaani sentimeta 7.62. Hicho mtu anaweza kukibeba bila kuulizwa sababu ya kazi wala ya safari, kama hana nia mbaya.

Lakini sikilizeni vizuri neno "kinachokunjika". Kuna visu ambavyo ukivifungua vinajikaza, na huwezi kuvikunja tena mpaka ufinye kitufe au chuma kidogo. Waamuzi wa Uingereza walisema kisu cha namna hiyo si cha kukunja mbele ya sheria, hata kama makali yake ni mafupi. Hapo ndipo wengi wanakosea. Wanakinunua dukani kwa haki, wanafikiri kukibeba njiani nako ni haki. Sivyo. Na visu vinavyofunguka vyenyewe kwa kitufe vimekatazwa kabisa: tangu mwaka 2021 ni kosa hata kuvitunza nyumbani.

Je, mpishi afanye nini, na kazi yake ni visu virefu? Sheria inakubali sababu nzuri: kazi, dini, au vazi la kitaifa. Mpishi anayetoka nyumbani kwenda kazini na visu vyake vimefungwa vizuri ndani ya mfuko ana sababu. Waamini wa dini ya Sikh wana sababu ya dini kwa kisu chao kitakatifu. Lakini ni mwenye kisu anayepaswa kuonyesha sababu hiyo. Mpishi yuleyule akikutwa usiku wa manane kwenye dansi na kisu cha jikoni kiunoni, kazi yake haitamwokoa. Na kusema tu "nilisahau kukitoa" hakutoshi.

Sasa tufike kwenye kiini. Sheria nyingine, ya mwaka 1953, inasema kitu chochote kinakuwa silaha kama mtu amekibeba kwa nia ya kumwumiza mwingine. Kwa hiyo hata kile kisu kidogo cha inchi 3 kinaweza kumtia mtu hatiani. Polisi akiuliza, "Kisu hiki ni cha nini?" na kijana akajibu, "Ni cha kujikinga, mtu akinishambulia," kijana amejifunga kwa mdomo wake mwenyewe.

Wazazi wengine watauliza: je, mtu hana haki ya kujilinda? Anayo. Mtu akishambuliwa, sheria ya Uingereza inamruhusu kujitetea kwa nguvu zinazofaa hatari ile. Jambo inalokataa ni kutoka nyumbani asubuhi na silaha, kwa kungojea ugomvi ambao bado haujatokea.

Adhabu yake si mchezo. Kubeba tu, bila kumpiga mtu, kunaweza kuleta kifungo cha mpaka miaka 4. Tangu mwaka 2015, mtu mzima anayehukumiwa mara ya pili anapewa kwa kawaida kifungo cha miezi 6 au zaidi. Na mtoto wa miaka 10 anaweza tayari kushtakiwa. Vilevile, polisi akitaka kumpekua kijana njiani, anapaswa kumwambia sababu na kituo anachotoka, na kijana anaweza kuomba karatasi ya upekuzi huo. Mwambieni mtoto wenu aulize kwa upole, asikimbie, wala asiingize mkono mfukoni.

Wasikilizaji, kwa nini sheria inakataa jibu la woga? Fikirini vijana wawili wa mtaa mmoja. Wa kwanza anabeba kisu kwa sababu anamwogopa wa pili. Wa pili akisikia habari hiyo, naye anatafuta chake. Hakuna aliyetaka kuua. Siku moja wanakanyagana mguu kwenye uwanja wa mpira. Jana wangetukana, wangepigana ngumi, jioni wazee wangewapatanisha. Leo kila mmoja anafikiri, "Nisipotangulia, atatangulia yeye." Hasira, hasara. Mama mmoja anakwenda kwenye maziko, mama mwingine anakwenda gerezani kupeleka chakula. Kisu kilichobebwa kuzuia hatari ndicho kimeileta.

Hiyo si habari ya London peke yake. Sisi pia tunajua mitaa ambamo kila upande unajilinda dhidi ya upande mwingine, na kila mmoja anasema si yeye aliyeanza.

Basi, mzazi mwenye mtoto kule, usimwambie tu, "Acha kisu." Muulize: "Mwanangu, unamwogopa nani?" Jibu lake ndilo lenye kazi. Pengine kuna deni, pengine kuna kundi linalomsumbua njiani kwenda shuleni. Mwalimu, mchungaji au padri, na wazazi wa yule mwingine wanaweza kukaa pamoja kabla ya polisi na kabla ya daktari. Na swali hilohilo, tuwaulize vijana wetu wa hapa leo jioni, wakirudi nyumbani.