Spea za Baiskeli za Bei Rahisi: Tununue Zipi, Tuache Zipi?

Katika toleo hili tungependa kuzungumza juu ya jambo linalomhusu karibu kila mwanakikundi kutoka Kitale hadi Bungoma, nalo ni spea za baiskeli.

Ni kweli kwamba pikipiki zimechukua abiria wengi tangu 2008, wakati serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo. Lakini baiskeli haijaacha kazi. Bado inabeba maziwa ya asubuhi, sukuma wiki ya soko la Chwele, mitungi ya maji, na mahindi ya kupeleka kusagwa. Pikipiki ikikosa mafuta inalala. Baiskeli haina habari na bei ya petroli.

Shida imekuja kwenye spea. Maduka mengi yaliyokuwa yakiuza spea za Black Mamba sasa yamejaza spea za pikipiki. Kwa hiyo watu wanaagiza kwa simu. Picha inapendeza, bei ni nusu, pesa inatumwa kwa M-Pesa na mzigo unafika kwa matatu. Wengine wanapata kitu cha maana. Wengine wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Je, tutajuaje?

RAHISI NA BANDIA SI KITU KIMOJA

Kwanza tutofautishe. Kuna spea rahisi yenye jina lake yenyewe. Mwenye kiwanda ametumia chuma cha kawaida, hakupaka nakshi nyingi, akauza kwa bei ya chini. Hiyo si dhambi, na mara nyingi inafanya kazi vizuri.

Kuna pia spea bandia. Hii imechapwa jina la kampuni nyingine inayojulikana, au jina linalofanana nalo, herufi moja tu ikiwa imebadilishwa. Aliyeitengeneza ameshakudanganya mara moja juu ya jina. Ikivunjika, hakuna wa kuulizwa, maana kampuni yenye jina haikuitengeneza, na aliyeitengeneza hajulikani. Kwa hiyo soma jina herufi kwa herufi. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

KWA NINI INAISHA MAPEMA?

Muulize mhunzi anayetengeneza panga. Atakuambia chuma hupashwa moto mkali kisha kupozwa haraka ili kiwe kigumu. Panga lisilopitia kazi hiyo linang'aa sawa na lingine, lakini ukikata mti linapinda. Spea za baiskeli ni vivyo hivyo. Gololi, koni zake, pini za mnyororo na meno ya friwili yote yanahitaji chuma kilichofanywa kigumu. Kazi hiyo inatumia moto na muda, na moto na muda ni pesa. Anayeiga huiruka, kwa sababu macho hayawezi kuiona. Ndiyo maana picha kwenye simu haiwezi kukuonyesha tofauti.

TUGAWE SPEA MAFUNGU MAWILI

Hakuna kikundi chenye pesa za kununua kila kitu cha bei ya juu. Kwa hiyo jiulize swali moja tu: hiki kitu kikivunjika katikati ya mteremko, mimi nitakuwa wapi?

Fungu la kwanza ni spea zinazoshika uhai: breki na raba zake, foki, usukani, ekseli, krenki na kotapini zake, rimu, spoki, na tairi, hasa la mbele. Hapa usibahatishe. Nunua mahali unapoweza kushika kitu kwa mkono na kukirudisha kikiwa kibaya.

Fungu la pili ni spea ambazo zikivunjika zinaudhi lakini haziangushi mtu: kengele, madigadi, stendi, kifuniko cha mnyororo, mfuko wa vifaa. Hapa unaweza kujaribu bei rahisi bila hofu.

Mnyororo na friwili ziko katikati. Mnyororo ukikatika kwenye tambarare unasukuma baiskeli nyumbani. Ukikatika ukiwa umesimama juu ya pedali, unapanda kilima na mzigo nyuma, unaanguka. Tunashauri ziwekwe katika fungu la kwanza.

Kumbuka pia mvua. Rimu za chuma zilizopakwa kromi zikilowa, breki hushika kidogo sana kuliko zikiwa kavu, hata raba ikiwa nzuri. Raba ngumu kama plastiki huongeza hatari hiyo. Mtu aliyebeba mtungi wa lita 20 za maziwa ana kilo 20 na zaidi zinazomsukuma kutoka nyuma. Hapo si mahali pa kujaribu breki.

FUNDI APIME KABLA YA KUFUNGA

Vipimo vifuatavyo havihitaji mashine. Tupa, sumaku, rula na vidole vinatosha.

1. Koni na gololi. Pitisha tupa taratibu mahali gololi hazipiti. Chuma kigumu kitafanya tupa iteleze. Tupa ikiuma na kutoa unga, chuma ni laini na kitachimbika upesi.

2. Mnyororo. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata ni nusu inchi. Kwa hiyo vipande 24 vinafanya inchi 12 kamili. Mnyororo mpya usiofika hapo, au unaozidi, urudishwe. Ule wa zamani ukizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, ubadilishe. Ukizidi kwa moja ya nane, umeshakula meno ya gia pia, na mnyororo mpya peke yake hautakaa vizuri juu yake.

3. Nipeli za spoki. Nipeli nzuri mara nyingi ni za shaba nyeupe au ya njano na hazivutwi na sumaku. Zikivutwa, ni chuma kilichopakwa rangi, na kitashika kutu na kuganda.

4. Raba ya breki. Ibonyeze kwa ukucha. Iingie kidogo kisha irudi. Ikiwa ukucha unateleza kama juu ya sahani, iache.

5. Foki na usukani. Tazama mahali palipochomelewa. Pawe pamejaa pande zote, bila tundu. Rangi iliyokunjamana au kupasuka karibu na mshono ni dalili mbaya. Zungusha foki juu ya meza uone kama imepinda.

6. Tairi. Likunje kwa mikono. Nyuzi zisionekane ubavuni, na waya wa ukingoni usichomoze.

NAMBARI ZA TAIRI

Mara nyingine spea si bandia, ila saizi si yake. Watu wengi huagiza "tairi ya 28" tu. Kumbe 28 ni zaidi ya moja. Black Mamba nyingi hutumia 28 x 1½, na ubavuni pameandikwa 40-635. Kuna nyingine iitwayo 28 pia lakini ni 622. Tofauti ni milimita 13, na haliwezi kukaa kwenye rimu hiyo hata ulivute na vyuma vitatu. Vilevile 26 x 1 3/8 ni 590, lakini 26 nene ya baiskeli za milimani ni 559. Kabla ya kuagiza, soma nambari yenye tarakimu tatu kwenye tairi lako la zamani, na umtumie muuzaji nambari hiyo hiyo.

TUFANYE HESABU

Tuseme friwili bandia ni sh. 300 na inakaa miezi 2. Fundi anataka sh. 100 kila akifunga. Kwa mwaka utanunua mara 6, yaani sh. 2,400. Tuseme nzuri ni sh. 700 na inakaa mwaka mzima. Ukiongeza fundi ni sh. 800. Bado hatujahesabu zile asubuhi maziwa yalipochelewa yakakataliwa. Kila kikundi kiweke bei zake halisi katika hesabu hii, kisha kiamue.

KUAGIZA KAMA KIKUNDI

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu mmoja akiagiza friwili moja, muuzaji hamjali sana. Kikundi kikiagiza kumi, kinaweza kusema masharti:

- Agizeni moja kwanza, fundi aipime, itumike mwezi mmoja, ndipo muagize nyingine.
- Lipeni baada ya kuona mzigo inapowezekana. Muuzaji anayekataa kabisa mtu kukagua mzigo amejieleza.
- Wekeni ujumbe wa M-Pesa, picha ya tangazo, na risiti.
- Muwe na daftari la spea: tarehe, jina la spea, mahali iliponunuliwa, bei, na siku ilipoharibika. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litawafundisha kuliko tangazo lolote.

SHERIA INASEMAJE?

Wengi hudhani wakishatuma pesa basi mambo yamekwisha. La. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kuelezwa ukweli, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo hayo. Ndiyo maana tunasema mtunze picha ya tangazo. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012.

Bidhaa yenye jina la kuiba ni kosa chini ya sheria ya 2008 dhidi ya bidhaa ghushi, na malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi. Kama shida ni ubora duni, mwone Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS. Kwa hasara ya pesa isiyozidi sh. 1,000,000, sheria ya 2016 ilianzisha Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu anaweza kujieleza bila wakili. Ulizeni katika mahakama iliyo karibu nanyi kama huduma hiyo ipo.

Lakini ndugu, sheria hufika baada ya mtu kuanguka. Rula na tupa hufika kabla.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni spea gani zimeharibika mara nyingi katika baiskeli zetu mwaka huu? Zilinunuliwa wapi?
2. Nani katika kikundi chetu ataweka daftari la spea?
3. Ni fundi gani tunayemwamini kupima vitu kabla ya kulipa, naye tutamlipaje?
4. Leteni baiskeli moja kwenye mkutano ujao. Pimeni mnyororo wake, mjaribu breki zake zikiwa kavu, kisha mmwagie rimu maji mjaribu tena. Mmeona nini?