Ziba ufa, lakini kwa chokaa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema tuzibe kwa simiti. Kosa hilo nililifanya mwenyewe katika nyumba ya marehemu mama, Mji wa Kale, Mombasa.

Plasta ya ukumbini ilianza kubanduka usawa wa magoti. Nikaita fundi, akapiga simiti na rangi ya mafuta, ukuta ukang'aa. Miaka michache baadaye unyevu ulikuwa umepanda hadi kifuani, na jiwe la ndani linamung'unyika kama sukari guru.

Sababu ni hii. Nyumba zetu za zamani, Mombasa hadi Lamu, ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta hufyonza maji ya ardhini, nayo hutoka taratibu kupitia chokaa. Simiti huyafungia njia, yakapanda juu zaidi. Humo mna chumvi. Maji yakikauka, chembe zake hukua na kulipasua jiwe.

Kagua kabla ya mvua ya mwaka. Gonga plasta kwa kidole: ikilia tupu, imeshaachana na ukuta. Tazama unga mweupe na madoa ya maji. Penye ufa, chora alama za penseli pande zote mbili na uandike tarehe. Nafasi ikiongezeka, ukuta unatembea. Usisahau vichwa vya boriti vinapoingia ukutani. Ndivyo vilivyobeba sakafu wanapolala watoto.

Dawa huanza na maji, si plasta. Rekebisha mfereji wa paa na bomba linalovuja, ondoa mchanga uliorundikana nje ya ukuta. Bandua simiti polepole, uache ukuta ukauke, kisha sugua chumvi kwa brashi kavu. Ndipo upige chokaa sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, tabaka nyembambanyembamba. Usitumie mchanga wa baharini, utarudisha chumvi ileile. Malizia kwa chokaa nyeupe badala ya rangi ya mafuta. Fundi ajikinge macho na mikono, kwani chokaa huunguza.

Dari ikilegea au ukuta ukifura, usijaribu mwenyewe. Wahamishe watu chumba hicho, umwite mhandisi.

Mimi nililipa mara mbili: kupaka simiti, kisha kuibandua. Wewe lipa mara moja.