Mkataba Usio na Saa: Shida ya Mama Anayelea Peke Yake Huko Uingereza



Sisi tunaochuma chai, tunaokata miwa na kufunga mizigo viwandani tumezoea kufikiri kwamba taabu ya kibarua ni yetu peke yetu. Asubuhi watu husimama langoni, mnyapara huhesabu, wengine huingia na wengine hurudi nyumbani mikono mitupu. Leo tunataka kueleza habari za Uingereza, nchi tajiri yenye vyama vya wafanyakazi vya siku nyingi, ambako lango hilo bado lipo. Tofauti ni kwamba mnyapara wa huko hukuita au kukurudisha kwa ujumbe wa simu.

Huko kuna mkataba unaoitwa mkataba wa saa sifuri. Mwajiri haahidi hata saa moja ya kazi. Akikuhitaji atakuita, asipokuhitaji utakaa, na utalipwa saa ulizofanya tu. Watu zaidi ya milioni 1 wanafanya kazi kwa mkataba wa namna hiyo katika hoteli, maduka, maghala na nyumba za kutunzia wazee.

Katika hao, mwenye mzigo mzito kuliko wote ni mzazi anayelea watoto peke yake, na wengi wa wazazi hao ni akina mama. Serikali humpa msaada wa fedha kila mwezi, uitwao Universal Credit, ulioanzishwa mwaka 2013. Huenda msomaji akasema: huyo ana bahati, sisi hatuna hata senti ya serikali. Tunamwomba msomaji huyo avumilie kidogo, tupige hesabu pamoja.

KAZI MBILI, MAMA MMOJA

Tuchukue mfano wa mama mwenye mtoto mmoja wa miaka 3, anayekaa katika nyumba ya kupanga. Tunatumia viwango vya mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, wakati kima cha chini cha mshahara kilikuwa paundi 12.21 kwa saa. Mama huyu ameitwa kwenye kazi mbili. Ya kwanza ni katika nyumba ya wazee, paundi 13.50 kwa saa, lakini saa hazikutajwa. Ya pili ni ya kufunga mizigo ghalani, paundi 12.21, saa 16 kila wiki, lakini mkataba ni wa miezi 6 tu.

Mtu akitazama malipo ya saa moja, atasema achukue ya kwanza. Tutazame zaidi.

Kwa kazi ya ghalani atapata paundi 846 hivi kwa mwezi. Kanuni ya msaada kwa mzazi wa hali yake ni kwamba paundi 411 za kwanza za mshahara haziguswi. Kila paundi inayozidi hapo, msaada hupunguzwa kwa senti 55. Kwa hiyo msaada wake utapungua kwa paundi 240 hivi, naye atafaidika kwa paundi 606. Itakuwa hivyo mwezi huu, na mwezi ujao pia. Anaweza kumwahidi mwenye nyumba na asimdanganye.

Kwa kazi ya wazee, tuseme mwezi wa kwanza ameitwa saa 75. Mshahara ni paundi 1,012, na msaada utapungua kwa paundi 331 hivi. Mwezi wa pili ameitwa saa 25 tu, yaani paundi 337. Hapo ndipo shida inapoanza. Msaada hulipwa baada ya mwezi wa hesabu kwisha. Kwa hiyo fedha anazopokea mwanzoni mwa mwezi huu mkavu zimehesabiwa kwa mshahara wa ule mwezi mnono uliopita. Mshahara umeanguka na msaada uko chini, vyote kwa wakati mmoja. Kweli msaada utapanda, lakini utapanda mwezi unaofuata. Kodi ya nyumba haingoji, wala mtoto hangoji chakula.

Kisha kuna malezi. Serikali hurudisha mpaka asilimia 85 ya gharama ya kulea mtoto wakati mzazi yuko kazini, kwa kiwango kilichowekewa mwisho. Lakini kituo cha watoto hutoza nafasi iliyowekwa, mtoto aje asije. Zamu ikifutwa asubuhi, kituo kinadai fedha zake na mama hana mshahara wa siku hiyo. Katika sehemu ya England, mzazi mwenye kazi anaweza kupata saa 30 kwa wiki za malezi ya bure wakati wa mihula ya shule, lakini sharti atazamie kupata katika miezi 3 mshahara usiopungua saa 16 kwa wiki za kima cha chini. Mama wa ghalani anafikia kiasi hicho. Mama wa saa sifuri akipata miezi miwili mikavu hafiki.

Hatusemi kwamba mkataba wa miezi 6 ni asali. Ukiisha, mama anarudi barabarani. Lakini tarehe anaijua, na mwezi wa nne anaweza kuanza kutafuta kwingine. Yule wa saa sifuri hajui hata Jumatatu ijayo itakuwaje.

Wala kuchagua kwenyewe si kwa hiari kamili. Tangu Oktoba 2023, mzazi ambaye mtoto wake mdogo ametimiza miaka 3 anaweza kutakiwa na ofisi ya msaada kutafuta kazi mpaka saa 30 kwa wiki. Akiacha kazi bila sababu wanayoikubali, msaada unaweza kukatwa.

SIKU YA KULIPWA

Jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii ni siku ya mshahara. Akina mama wanne, kila mmoja akilea peke yake na kufanya kazi, walikuwa wakilipwa mwisho wa mwezi. Siku ya malipo ikiangukia mwisho wa juma au sikukuu, mshahara uliingia mapema, na ofisi ikahesabu mishahara miwili ndani ya mwezi mmoja. Msaada ukaporomoka, ingawa hawakuongezewa hata saa moja. Walikwenda mahakamani, na Juni 2020 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba utaratibu huo haukuwa na busara. Mwaka huo huo kanuni zikarekebishwa.

Mama mwingine, mwenye watoto watatu, hakufika mbali hivyo. Alifanya kazi saa 16 kwa wiki kwa kima cha chini, lakini alilipwa kila baada ya wiki 4. Kwa kuwa miezi mingi iliingia na malipo ya wiki 4 tu, ofisi ilimhesabu kuwa anapata pungufu ya kiwango kinachotakiwa, na msaada wake ukawekewa ukomo. Kama angelipwa kwa mwezi kwa kazi ile ile, asingeguswa. Mahakama Kuu ilimkubalia mwaka 2020, lakini Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu mwaka 2021.

Kazi ni ile ile na jasho ni lile lile, lakini tarehe peke yake imempunguzia mtu chakula cha watoto.

SHERIA MPYA

Vyama vya wafanyakazi vya Uingereza vimepigana miaka mingi juu ya mikataba hii. Mwaka 2015 ilipigwa marufuku kumfunga mfanyakazi wa saa sifuri asifanye kazi kwa mwajiri mwingine. Desemba 2025 ilipita sheria kubwa zaidi. Kwa sheria hiyo, mwajiri atalazimika kumpa mfanyakazi nafasi ya kuandikiwa saa za uhakika zinazolingana na zile anazofanya kweli, kumpa taarifa ya zamu mapema, na kumlipa zamu ikifutwa ghafla. Serikali imepanga vifungu hivyo vianze kutumika mwaka 2027. Wenzetu wamepata maandishi, sasa wana kazi ya kuyasimamia.

NA SISI JE?

Nasi tuna maandishi. Katika Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Katika Uganda, kanuni za mwaka 2011 zinakataza mtu kuwekwa kibarua kwa zaidi ya miezi 4. Lakini sote tunaijua hila ya kumwondoa mtu siku chache kabla ya muda kutimia, kisha kumwita tena kama mgeni. Na mama wa kwetu anayelea peke yake, zamu ikifutwa, hana ofisi ya kumrudishia chochote. Ana dada yake, jirani yake, na duka linalokopesha.

Kwa hiyo, ndugu, mtu akikuletea mkataba, usiulize malipo ya siku tu. Uliza saa au siku ngapi ni za uhakika, na ziandikwe. Uliza mshahara unatoka tarehe gani. Uliza zamu ikifutwa ukiwa umekwisha fika, nani anabeba hasara. Asiyejua kusoma amtafute mwakilishi wa chama kabla ya kutia kidole. Tena kila mmoja awe na daftari lake, aandike siku aliyofanya kazi na siku aliyorudishwa, maana siku ya mashauri karani wa kampuni ataleta daftari lake.

Wale akina mama wanne walishinda kwa sababu walikuwa na tarehe zao mkononi, na kwa sababu hawakwenda mmoja mmoja. Nasi tuzikusanye tarehe zetu, tuzipeleke chamani.