Usalama wa mifumo ni kazi ya bodi

Tarehe 27 Juni 2017 malori yalipanga foleni ndefu nje ya kituo cha kontena cha Maersk huko Elizabeth, New Jersey, Marekani. Mageti hayakufunguka, na madereva hawakupata wa kuwaeleza kinachoendelea. Kirusi cha NotPetya, kilichosambaa kupitia programu ya uhasibu inayotumika Ukraine, kilikuwa kimezima kompyuta za kampuni hiyo ya Denmark karibu dunia nzima.

Mwenyekiti wa bodi wa wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alisema baadaye kwamba seva 4,000 na kompyuta 45,000 zilisimikwa upya kwa siku 10. Hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 300. Nakala salama ya seva zinazotambua watumiaji ilipatikana Ghana pekee, kwa kuwa umeme ulikatika huko kabla kirusi hakijafika. Kampuni kubwa namna ile iliokolewa na bahati!

Kinachoniuma zaidi ni alichoandika Andy Greenberg katika jarida la Wired mwaka 2018. Mpango wa kuimarisha usalama ulikwishapitishwa na kutengewa bajeti, ila haukuwekwa katika vigezo vya kuwapima wakubwa wa TEHAMA na kuwalipa bonasi. Ukabaki kwenye makabrasha.

Kwetu, Julai 2023, jukwaa la eCitizen la serikali ya Kenya lilishambuliwa. Wageni waliotakiwa kuomba viza mtandaoni ikabidi wapewe walipowasili. Njia mbadala ilikuwepo, ila uamuzi kama huo hufaa upangwe mapema, na wenye huduma wenyewe.

Kampuni nyingi huanza kwa kununua vifaa. Zianze na orodha ya huduma: malipo ya mawakala, mishahara, mikopo. Kila moja iulizwe: ikizimika kwa saa sita, tunapoteza nini? Jibu hilo ndilo liamue fedha za ulinzi ziende wapi. Na ulinzi usimchoshe mtumiaji. Karani anayelazimishwa kubadili nywila kila mara huishia kuiandika kwenye karatasi na kuibandika mezani.

Wakurugenzi, katika bajeti ijayo, kila huduma kubwa iwe na mkuu wa biashara aliyeweka saini kwamba usalama wake ni jukumu lake, na bonasi yake ipimwe kwa hilo.