Msimbo wa Vinasaba na Majina ya Kaa wa Mikoko

Maji yashukayo kutoka miteremko ya kusini ya Mlima Meru, pande za Daraja Mbili, hayaishii Arusha. Huelekea Mto Kikuletwa, yakaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yakafuata Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Hapo mto ukutanapo na bahari pana mikoko, na chini ya mikoko huishi kaa, kamba, kome na minyoo. Maji matamu yakipunguzwa huku juu, chumvi hupanda mtoni. Ni viumbe gani basi watakaoathirika? Hatuwezi kujibu kabla ya kujua nani ni nani.

Mwanaisimu hawezi kulishangaa tatizo hili. Kaa huyu ni mnyama, kaa hili ni la moto. Umbo la neno ni moja, na upatanisho wa kisarufi ndio utenganishao. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza kigezo cha namna hiyo kwa wanyama: kisomwe kipande kilekile cha DNA ya mitokondria, chenye herufi zipatazo 650, kisha kilinganishwe. Walikifananisha na milia ichapwayo juu ya bidhaa za dukani. (Neno “msimbo”, kwa maoni yangu, lapotosha kidogo, maana msimbo hutungwa na mtu, ilhali herufi hizi twazisoma tu.)

Tunao mfano wa pwani yetu wenyewe. Kaa mmoja wa mikoko aliitwa kwa miaka mingi Neosarmatium meinerti, tangu Afrika Mashariki hadi Australia. Mwaka 2012 Ragionieri, Fratini na Schubart, wakitumia DNA pamoja na umbo, walionyesha kuwa jina hilo lilifunika spishi nne. Yule wa pwani ya Afrika akaitwa Neosarmatium africanum. Tofauti za umbo zilikuwapo, lakini ni ndogo mno.

Manufaa huzidi kwa mabuu, ambao hawafanani kabisa na wazazi wao. Hata hivyo, herufi zisizolinganishwa na kielelezo kilichotambuliwa na mtaalamu na kuhifadhiwa makumbusho ni sawa na neno lisilo na kamusi. Tena DNA ya mitokondria hurithiwa kwa mama. Chotara wa spishi mbili atasomeka kana kwamba ni wa upande wa mama peke yake.