Taka za Nyumbani na Manufaa Yake

Wananchi na watumishi wa Serikali wanakumbushwa kuwa maji mengi yanywewayo Unguja hutoka ardhini, na uchafu wa taka zitupwazo ovyo hupenya humo kwa mvua. Basi kila nyumba itenge taka zake. Maganda na mabaki ya chakula yafukiwe, yawe mbolea. Makumbi yakifukiwa pwani miezi kadhaa hutoa usumba wa kamba. Makopo ya alumini yauzwe: kuyayeyusha upya huhitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza alumini mpya.

Hata hivyo, kutenga pekee hakutoshi. Kitu kilichotokana na taka kisipopata mnunuzi, mkusanyaji huacha kazi, na taka hurudi jaani. Kwa hiyo ofisi na wananchi wanaponunua kamba au mbolea, watangulize zilizotengenezwa hapa Visiwani.